UZI: Nilipewa mpira nikiwa na miaka 9, kumbe ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza kwenye genge

#1 KonaYaMpira (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara nyingi. Leo nauacha. Ni mrefu. Mwenye haraka anaweza kuruka hadi pale ninapoeleza nilivyotoka, ila kwangu sehemu ya kuingia ndiyo nzito zaidi, kwa sababu wazazi wengi hawajui inafananaje.

Nilikuwa na miaka 9. Kaka yangu alinizidi miaka 7 na tayari alikuwa mmoja wao. Mtaani kwetu hakuna aliyetamka neno genge. Tulisema "wakubwa", au "wale wa kona". Siku moja mkubwa mmoja akaniita kwa jina langu na la baba yangu. Nilishtuka kwamba ananijua. Akanipa mpira mpya wa ngozi, akaniambia nicheze pale pale konani, nisiende mbali, na nikiona gari nisilolijua linapunguza mwendo, nipige mpira kwenye lile geti la bati.

Kazi ilikuwa hiyo tu. Bati linalia, mtaa mzima unasikia. Mimi nilijiona mchezaji. Wenzangu wakaja, tukawa sita, tukawa tunagombana kweli nani akae golini. Nikiwa mtu mzima nilikuja kusoma kwamba mtafiti mmoja, Frederic Thrasher, mwaka 1927 alichapisha utafiti wa magenge 1,313 ya Chicago, na akaona mengi yalianza kama vikundi vya watoto wanaocheza pamoja mtaani. Nilifunga ukurasa nikakaa kimya. Karibu miaka mia imepita na mimi nilidhani kona yetu ilikuwa ya peke yake.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Genge halikuniahidi uongo. Lilinipa vitu vya kweli. Soli ya kiatu changu cha shule ilipoachia, nilipata viatu siku iliyofuata. Kuna kijana alikuwa akimnyang'anya mdogo wangu begi njiani, begi likarudi jioni ile ile na hakumgusa tena. Nikipita, watu wazima walinisalimia. Nyumbani nilikuwa mtoto wa tatu asiyeonekana. Konani nilikuwa na jina. Anayemwambia mtoto kwamba wale hawampendi atashindwa, kwa sababu mtoto ana ushahidi mguuni.

Nikiwa na miaka 13 mpira ukaisha, nikaanza kubeba. Sikuambiwa nabeba nini. Nikiwa na miaka 15 nikamwambia yule mkubwa kwamba nataka kupumzika, nisome. Nilijiandaa kupigwa. Hakunipiga, wala hakupaza sauti. Alikaa juu ya tofali akaanza kunihesabia. Mpira. Viatu. Begi la mdogo wako. Usiku ule mama yako alipozidiwa, nani alitafuta gari? Sare ya kidato cha kwanza. Alikumbuka vyote kwa mpangilio, vya miaka sita, na nusu yake mimi nilikuwa nimeshavisahau. Alipomaliza akasema, "Sikudai. Nakukumbusha tu."

Nilirudi kazini siku ile ile.

Nilijaribu kutoka mara tatu. Mara ya kwanza niliapa. Nilipiga magoti kitandani, nikalia, nikamaanisha kila neno. Nilidumu siku tisa. Kilichonishinda hakikuwa woga wala tamaa, ilikuwa saa tisa alasiri. Kengele ya shule inalia, nyumbani hakuna mtu hadi usiku, na miguu inaijua njia ya kona. Unafika unasema nasalimia tu. Takwimu za Marekani zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba siku za shule vurugu za watoto hupanda katika saa chache baada ya kutoka darasani, wakati sisi tunaogopa usiku wa manane. Waliopita huko wanaelewa. Nia yangu ilikuwa na nguvu asubuhi. Alasiri ilikuwa imechoka.

Mara ya pili nilikimbilia kwa shangazi, mbali. Ilisaidia hadi likizo ilipokwisha.

Mara ya tatu sikuapa kitu. Mama aliongea na fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, mtu mkimya, na yule fundi akaniambia sentensi moja: "Fika saa tisa na nusu, ukichelewa nafunga mlango." Hakuniuliza habari za kona, na nina hakika alizijua zote. Nilifagia chembe za chuma, nikashikilia fremu za mageti yeye akichomelea, nikasugua kwa msasa, nikapaka rangi ya kuzuia kutu. Nilitoka pale saa mbili usiku mikono inanuka chuma, nimechoka hata kwenda kona siwezi. Wale wakiniita nilisema, "Niko kwa fundi, atanifukuza." Hilo walilielewa. Ningesema nimewaacha, ingekuwa dharau. Mtu wa kazi hamdharau mtu.

Wiki ya pili nilitazama mwanga wa kuchomelea bila miwani. Usiku macho yakavimba, maumivu kama yametiwa mchanga wa moto. Nikalala chumba cha giza. Siku iliyofuata, saa tisa na nusu ikapita. Saa kumi mlango ukagongwa. Nilijua ni wale. Alikuwa fundi, amefunga karakana amekuja kuuliza kwa nini sijafika. Alikaa chini sakafuni kama dakika kumi, hakuwa na maneno mengi, akaondoka. Nilijifunika nikalia na yale macho yalivyokuwa yanauma. Ilikuwa mara ya kwanza mtu anakuja kunitafuta na hana mzigo wa kunibebesha.

Ilichukua karibu miaka miwili hadi wakaacha kuniita. Hakuna siku ninayoweza kuitaja kwamba siku hii nilitoka. Kaka yangu yeye alikamatwa katikati ya miaka hiyo, akafungwa. Hilo nitalisema siku nyingine nikiweza.

Karibuni. Nitajibu kila anayeuliza kwa nia njema.

#2 MamaWaWawili

Asante sana mwanangu, nakuita hivyo kwa sababu nadhani nakuzidi. Nina kijana wa miaka 13, siku hizi moyo wangu hautulii. Hajabadilika sana, ila kuna kitu. Mzazi anaonaje kabla hakujaharibika? Niliwaza nimchape, niliwaza nimhamishe shule. Nisaidie.

#3 KonaYaMpira

Mama yangu, shikamoo. Pole na wasiwasi.

Watu wengi watakuambia angalia nguo na nywele. Mimi nakuambia angalia vitu visivyo na hadithi. Mtoto ana kitu kipya, umemuuliza kimetokaje, jibu ni fupi mno au ni refu mno. Angalia njia zake: kuna mtaa ghafla hapiti, hata ukimtuma anazunguka. Angalia kama kuna jina jipya wanalomwitia wenzake na akilisikia mbele yako anaona aibu. Na hili litakushangaza: angalia kama ameanza kukusaidia pesa. Mimi nilimpa mama pesa nikamwambia nimesaidia kubeba mizigo. Aliniombea dua. Ile dua ilinichoma kuliko kipigo chochote.

Kumchapa sikushauri. Genge lina watu wanaochapa kuliko wewe, ameshaona. Kumhamisha kunaweza kusaidia ikiwa kule anakokwenda kuna mtu anayemsubiri. Kama hakuna, atatafuta kona nyingine, na kona zipo kila mahali.

Usimwambie achague leo kati yako na wao. Akichagua wao kwa hasira, kesho ataona aibu kurudi. Ukiona viatu vipya usivitupe. Muulize kwa upole: "Aliyekupa, ukimwambia hapana atasema nini?" Usidai jibu. Mwache alale nalo.

Halafu hesabu saa zake. Kaa na karatasi uandike: kuanzia kengele ya shule hadi wewe unaporudi, yuko na nani? Palipo wazi ndipo watakapoingia, kama hawajaingia. Tafuta mtu mzima mmoja, awe fundi, kocha, jirani anayefuga kuku, yeyote, atakayegundua asipofika. Nasisitiza atakayegundua. Darasa la watoto hamsini ambapo hakuna anayejua kama yupo halizibi hilo pengo.

#4 NondoYaPembe

Mleta mada naheshimu simulizi yako ila hizi lugha laini ndizo zinazotumaliza. Mimi nimevamiwa na hao "watoto wanaotafuta jina". Mke wangu mpaka leo akisikia pikipiki nyuma yake anaganda. Tazama El Salvador, kule Amerika ya Kati, walivyofanya, wamewakusanya wote ndani na leo watu wanatembea usiku. Dawa ni hiyo. Fundi mmoja atachukua watoto wangapi?

#5 KonaYaMpira

Kaka, pole sana wewe na mke wako. Sikulaumu kwa hasira yako hata kidogo, na sitaki mtu yeyote hapa akujibu vibaya.

El Salvador nimeifuatilia kwa karibu. Ni kweli unachosema, na anayekataa haheshimu watu wa kule. Mwaka 2015 nchi ile ilikuwa na mauaji kama 103 kwa kila watu 100,000. Machi 2022 wakatangaza hali ya hatari, wakakamata makumi ya maelfu, wakafungua gereza kubwa mwaka 2023, na mauaji yakashuka sana. Mama aliyekuwa akilipa kodi ya genge ili afungue kibanda chake amepumua. Siwezi kumwambia amekosea kufurahi.

Lakini genge lile limetoka wapi? MS-13, genge kubwa la kule, haikuzaliwa El Salvador. Ilizaliwa Los Angeles miaka ya 1980, kwa watoto wa familia zilizokimbia vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1980 hadi 1992. Walifika mtaa wenye magenge ya wengine, wakajikusanya wajilinde. Kisha Marekani ikawarudisha kwa wingi miaka ya 1990, kwenye nchi iliyotoka vitani, wengine hata hawaikumbuki. Mwaka 2003 serikali ya kule ilianza operesheni ya mkono wa chuma. Wafungwa wakatenganishwa kwa magenge, kila genge na gereza lake, na viongozi wakawa wanaendesha mitaa wakiwa ndani. Kwa hiyo gereza lilishawahi kuwalea.

Na safari hii serikali yenyewe imewaachia maelfu iliyowakamata bila hatia. Ningekuwa kule nikiwa na miaka 15, wangenikamata, na wangekuwa na haki ya kunishuku. Yule fundi angebaki na mlango wazi hadi saa kumi.

Wanaoua wakamatwe. Sina shida na hilo. Ninachozungumzia ni mtoto wa mpira. Yeye hajavamia mtu bado. Ukimuuliza fundi mmoja atachukua wangapi, jibu ni mmoja, na mwenye duka mmoja, na kocha mmoja. Wale wa kona nao hawakunichukua na wenzangu mia. Walinichukua mimi, kwa jina.

#6 Binti_Asiyepekuliwa

Nimesoma hadi hapa nikasema niandike. Uzi mzima mnaongelea wavulana. Mimi ni mwanamke, nimebeba tangu nina miaka 14, kwa sababu moja tu: hakuna aliyekuwa akimpekua msichana mwenye sare ya shule na daftari mkononi.

Sikuwa na cheo. Sikuitwa mmoja wao. Niliitwa "wa fulani". Yule fulani alipokosana na mwenzake, mimi ndiye niliyeadhibiwa, kwa namna ambayo sitaiandika. Na nilipotaka kutoka, hakuna aliyeniuliza kama nataka kujifunza ufundi. Waliniuliza kama nina mimba.

Nilitoka nilipopata mtoto. Nimesikia watu wakisema mtoto humtoa mtu kwenye genge, na kwa wavulana niliokuwa nawajua wawili watatu ilikuwa hivyo kweli, walianza kurudi nyumbani mapema. Mimi sikuwa na mapema ya kurudia. Nilikuwa na binti mchanga na watu wanaojua mlango wangu. Aliyenisaidia ni muuguzi wa kliniki ya watoto. Kila nilipompeleka mtoto kupimwa uzito, alifunga mlango, akanipima mimi kwa maswali. Mara ya nne nikamwambia ukweli. Alinitafutia pa kulala mbali na pale.

Mkiandika vitu hivi, tuandikeni na sisi.

#7 KonaYaMpira

Dada, nimesoma maneno yako mara tatu. Sikuwaandika nyinyi, na sababu ninaijua. Nikiwa na miaka 14 nilimtuma msichana wa darasa letu abebe kitu kilichokuwa zamu yangu, kwa sababu hiyo hiyo uliyoisema. Alifika salama siku ile. Sijui zile zilizofuata. Ningeweza kuacha jambo hili lipite kimya. Naliandika hapa kwa sababu wewe umeandika lako. Samahani, na asante.

#8 MwalimuWaZamu

Nimefundisha sekondari miaka mingi. Naongeza machache kwa ajili ya NondoYaPembe, maana swali lake la wingi ni la haki.

Kuna daktari anaitwa Gary Slutkin. Alipambana na kipindupindu kwenye kambi za wakimbizi Somalia, kisha UKIMWI Uganda na nchi jirani akiwa na Shirika la Afya Duniani. Aliporudi kwao Marekani katikati ya miaka ya 1990 akakuta vijana wanauana Chicago. Akatazama ramani za mauaji akaona zinafanana na ramani za magonjwa aliyoyazoea: tukio moja huzaa jingine karibu yake. Mwaka 2000 mradi wake ulianza katika mtaa wa West Garfield Park. Uzito wake uko kwa watu walioajiriwa. Ni waliowahi kuwa ndani, wenye heshima kwa vijana, kazi yao kuwahi hospitalini au nyumbani kwa aliyepigwa risasi kabla ndugu na marafiki hawajaenda kulipiza. Polisi hawezi kuketi pale. Mchungaji pengine hawezi. Yule anaweza, kwa sababu aliwahi kulipiza na anajua kilichofuata. Matokeo hayakuwa sawa kila mahali walikoiga, na pesa zikikatwa kazi inasimama.

Glasgow, jiji la Scotland, nayo. Polisi wa kule mwaka 2005 walianzisha kitengo cha kupunguza ukatili, wakauona kama tatizo la afya. Mwaka 2008 wakaanza kuwaita vijana wa magenge mahakamani bila kuwashtaki. Ndani ya ukumbi, polisi alisema tunawajua, mkiendelea tutawashika kundi zima. Kisha daktari wa upasuaji akaeleza kisu kinafanya nini usoni. Kisha mama aliyefiwa akaongea. Mwishoni wakapewa namba ya simu: anayetaka kutoka apige, kuna mtu atapokea. Ona, NondoYaPembe, fimbo yako ilikuwepo ukumbini. Ila haikuwa peke yake.

Kwa upande wangu nina majuto. Nimewafukuza shule wanafunzi watatu kwa sababu ya makundi. Kila nilipofanya hivyo niliwapa wale wa kona siku nzima, si alasiri tu.

#9 ShingoYenyeJina

Mimi nilishatoka, miaka minne sasa. Shida yangu inaonekana. Nina tatuu shingoni ya kundi letu. Nikienda kuomba kazi wananitazama shingo, hawanitazami macho. Nafunga skafu hata kwenye joto. Kuna mtu anajua nifanye nini?

#10 KonaYaMpira

Ndugu yangu, hongera kwa miaka minne. Si midogo.

Tatuu inafutwa kwa mionzi ya leza. Inachukua vipindi vingi, vya wiki kadhaa kati ya kimoja na kingine, inauma, na rangi nyeusi kwa kawaida hutoka vizuri kuliko nyingine. Nenda kwa daktari wa ngozi. Tafadhali usijaribu asidi wala pasi ya moto. Nimeona makovu ya walioharakisha.

Los Angeles kuna padri, Gregory Boyle, aliyeanza mwaka 1988 kutafutia kazi vijana wa magenge wa parokia yake. Mwaka 1992 wakafungua kiwanda cha kuoka mikate, na leo shirika lao la Homeboy Industries linafuta tatuu bure, linawapa kazi na ushauri nasaha. Kinachonigusa ni kwamba mikate ile walioka pamoja watu waliokuwa wakirushiana risasi. Umeshika unga upande huu, adui yako upande ule, mnaunyoosha.

Hadi itakapofutika, mwambie mwajiri kabla hajauliza. "Hii niliichora nikiwa na miaka kadhaa, nilitoka mwaka fulani, tangu hapo nimefanya hiki." Baadhi watakukataa. Yule fundi wangu asingekukataa, na wapo wengine kama yeye.

#11 MsomajiTu

sijawahi kuandika humu. nina miaka 17. niko ndani bado. mnaongea kama kutoka ni kupata kazi tu. mimi nikitoka watamfuata mdogo wangu ana miaka 10 wameshaanza kumpa vitu. na mkubwa wetu nampenda kweli alinilea baba alipoondoka. sasa nimwambieje. na damu ipo mkononi siyo yangu lakini nilikuwepo

#12 KonaYaMpira

Mdogo wangu, asante kwa kuandika. Nimesimamisha kazi nikujibu.

Unampenda mkubwa wenu, na mimi wangu nilimpenda. Sitakuambia yeye ni shetani. Alikulea kweli. Na anampa mdogo wako vitu kama alivyokupa wewe. Yote mawili ni kweli kwa mtu mmoja, na ndiyo maana inauma hivi. Raymond Washington alikuwa kijana wa miaka kama 16 alipoanzisha kundi lililokuja kuwa Crips, Los Angeles, mwaka 1969. Alipigwa risasi akafa 1979, akiwa na miaka 25. Mwenzake Stanley Williams, walioliunganisha pamoja 1971, alihukumiwa kwa mauaji ambayo hadi mwisho alikana kuyafanya. Akiwa gerezani aliandika vitabu vya kuwaonya watoto wasifuate njia aliyoianzisha, akauawa kwa sindano ya sumu Desemba 2005. Wakubwa nao walikuwa watoto. Mkubwa wako pengine naye alipewa mpira.

Usimtangazie kwamba unaacha. Watafiti Scott Decker na David Pyrooz waliwahoji watu waliotoka kwenye magenge, na wengi waliondoka kidogo kidogo, bila sherehe ya kupigwa tunayoisikia kila siku. Punguza. Leo umechelewa, kesho una shughuli, keshokutwa unaumwa. Jifanye huna faida kwao. Acha kupokea chochote, hata soda, kwa sababu kila kitu kinaandikwa mahali. Ukiona wanaanza kukutishia waziwazi, hapo usikae kujadiliana. Ondoka pale wewe na mdogo wako kwa ndugu, hata kwa mwezi.

Mdogo wako. Anza na yeye kabla yako. Wewe unajua mtego uko wapi kuliko mzazi yeyote humu. Saa tisa alasiri uwe getini kwa shule yake. Mshike mkono mwende naye mahali. Wale wakikuuliza, sema unampeleka mdogo wako. Hakuna anayemdharau mtu kwa hilo, na wewe mwenyewe utakuwa umeziba saa zako bila kumwambia mtu umeacha.

Kuhusu damu, usiandike zaidi hapa, na usinitumie mimi pia. Tafuta wakili au msaada wa kisheria wa bure, uende na mtu mzima unayemwamini, useme ulichokiona ukiwa na mtu wa kukutetea kando yako. Hilo ni zito na siwezi kulifanya jepesi. Kaka yangu alikaa nalo kimya, na kimya kikamfunga kabla ya polisi.

Mimi huwa humu kila siku saa mbili usiku nikishafunga karakana. Kesho ukishampeleka mdogo wako, huna haja ya kusimulia. Weka nukta tu, nitajua.

#13 MamaWaWawili

Mwanangu wa miaka 17, sikujui, lakini leo nimekutaja kwenye dua kabla ya wa kwangu. Nimeandika ile karatasi ya saa. Kuna saa nne hazina mtu. Sikuwa najua ni nyingi hivyo.

#14 NondoYaPembe

Nimesoma yote. Bado sijabadilika kuhusu waliotuvamia. Ila nina karakana ya kutengeneza pikipiki na mtu wa kufagia sina. Mwalimu, nitumie ujumbe pembeni.

#15 KonaYaMpira

Saa mbili na robo. Nipo.

#16 KonaYaMpira

Saa tatu na nusu. Bado nipo, mdogo wangu. Hata ukichelewa.

#17 MsomajiTu

.